Vumbi Kwanza: Historia ya Sakafu ya Singida na Kazi ya Kuosha Mazulia

Kijana wa Singida anayetafuta shughuli ya mtaji mdogo siku hizi huambiwa aoshe mazulia. Orodha anayopewa ni ileile inayotolewa Dar es Salaam au Mwanza: nunua mashine ya presha, nunua sabuni ya maji, tafuta uwanja wenye bomba, anza kazi. Orodha hiyo inafaa mahali ambapo maji hayana chumvi nyingi na hayakosekani. Singida si mahali hapo. Hoja yangu ni kwamba watu wa mkoa huu wametunza sakafu zao kwa vizazi vingi kwa kushughulikia vumbi kwanza, jua na upepo baadaye, na maji kwa kipimo. Anayetaka kuishi kwa kazi ya mazulia hapa atapata mwongozo bora katika historia hiyo kuliko katika matangazo ya wauza mashine.

Tuanze na ardhi yenyewe, kwa kuwa ndiyo inayoingia ndani ya zulia. Mji wa Singida uko juu ya uwanda ulio karibu mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, katikati ya majabali ya granaiti ambayo kila mgeni huyaona kabla hajauona mji. Majabali hayo yanapochakaa kwa jua na mvua huacha mchanga wenye chembe ngumu, zenye ncha. Mvua ni ya msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, na kwa kawaida ni kati ya milimita 500 na 800 kwa mwaka. Miezi inayobaki ni ya ukavu na upepo, upepo ambao kwa miaka mingi umewavuta watu wenye mipango ya kuzalisha umeme. Kwa hiyo uchafu mkubwa wa nyumba ya Singida si tope wala ukungu, ni mchanga mkavu. Mchanga huo haukai juu ya zulia. Hushuka hadi kwenye mashina ya nyuzi, na kila mguu unaokanyaga huzisaga nyuzi kwenye zile ncha. Zulia linaloonekana limezeeka baada ya miaka michache mara nyingi halikuliwa na madoa, limekatwa kutoka chini.

Kabla ya mazulia kulikuwa na sakafu ya tembe. Wanyaturu, Wanyiramba na Wagogo wa upande wa Manyoni walijenga nyumba za miti na udongo zenye paa bapa la udongo, na ndani yake sakafu ilishindiliwa kisha ikasiribwa kwa samadi ya ng'ombe. Kazi ya kusiriba ilikuwa ya wanawake, na ilihitaji kujua kiasi: samadi mbichi ya kutosha kushika udongo, maji machache, mkono unaokwenda upande mmoja, na siku kavu ya kuachia. Safu hiyo ilifunga vumbi lisiinuke. Ilipochakaa ilifagiliwa na kusiribwa upya. Mwanaanthropolojia Harold Schneider, ambaye kitabu chake juu ya Wanyaturu kilitoka mwaka 1970, alieleza jinsi samadi ilivyokuwa kiungo kati ya mifugo na mashamba ya nafaka: ng'ombe hawakuwa fahari tu, walikuwa mbolea. Ukikumbuka hilo utaona kuwa samadi iliyokwenda kwenye sakafu ilitolewa kwenye akiba iliyokuwa na kazi nyingine shambani. Sakafu safi ilikuwa na gharama, na walioitunza waliilipa kwa makusudi.

Juu ya sakafu hiyo watu walilalia ngozi. Ngozi haifuliwi. Hukung'utwa, huanikwa, hugeuzwa, na jua hufanya kazi ya kuua wadudu na kutoa harufu. Mikeka ya ukindu na milala ilitunzwa vivyo hivyo: kukung'utwa nje, kupanguswa kwa kitambaa kilicholoa kidogo, kuanikwa na kukunjwa ikiwa imekauka kabisa. Anayeuchukulia utaratibu huu kuwa ni umaskini wa maji peke yake anakosa nusu ya jambo. Ni kweli maji yalikuwa mbali. Lakini ngozi iliyoloweshwa hukakamaa na mkeka ulioloweshwa huota ukungu. Waliotunza vitu hivyo walijua mali waliyokuwa nayo mikononi, wakachagua njia isiyoiharibu.

Mazulia ya kufuma yalipita mkoani humu kabla ya kukaa humu. Njia kuu ya misafara ya karne ya 19, kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji, ilikatiza Ugogo na kuingia katika pori lililoitwa Mgunda Mkali, ambalo sehemu yake leo iko Wilaya ya Manyoni. Henry Morton Stanley alipofika Tabora mwaka 1871 aliandika kwamba Waarabu wa huko walikuwa na mazulia ya Kiajemi majumbani mwao. Mali ya namna hiyo ilisafiri kwa mabega ya wapagazi, ikipita kusini mwa Singida ya leo. Ituru, nchi ya Wanyaturu, na Iramba, nchi ya Wanyiramba, zilikuwa kando ya njia. Mwaka huohuo, huko Ujiji, David Livingstone alimkaribisha Stanley aketi mahali pake mwenyewe barazani, na palikuwa ni mkeka uliotandikwa ngozi ya mbuzi. Zulia, mkeka na ngozi vilikuwa katika uchumi mmoja, safari moja, na mara nyingine nyumba moja. Hakuna sababu ya kufikiri kwamba utunzaji wa kimoja hauna la kusema juu ya kingine.

Reli ya kati iliyojengwa na Wajerumani ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, ikipitia Manyoni na Itigi. Reli ilileta maduka, watumishi wa serikali, nyumba za bati na saruji, na ilieneza kazi ya dobi. Hapo ndipo wazo la kulipia usafi lilipoingia: mtu anachukua nguo ya mwenzake, anaisafisha, anairudisha kwa siku waliyopatana na anapewa ujira. Dobi alikuwa na ujuzi ambao waosha mazulia wengi wa sasa hawana. Alijua kutenganisha rangi, alijua nguo ipi haistahimili maji ya moto, na alikuwa na alama zake za kutambua mali ya kila mteja isipotee katikati ya rundo. Biashara ya mazulia ni mjukuu wa dobi upande mmoja na wa msiribaji wa sakafu upande wa pili.

Mabadiliko makubwa ya sakafu, hata hivyo, yalikuja baada ya Uhuru. Mkoa wa Singida ulianzishwa mwaka 1963. Operesheni ya Vijiji ya mwaka 1974 na miaka iliyofuata iliwahamisha watu kutoka makazi yaliyotawanyika, na tembe nyingi ziliachwa au zilibomolewa, nyumba za mgongo wa tembo na za bati zikachukua nafasi. Saruji ilienea polepole. Kisha ikaja miaka ya uhaba. Mwaka 1983, wakati wa vita dhidi ya wahujumu uchumi iliyoongozwa na Waziri Mkuu Edward Sokoine, sabuni ilikuwa miongoni mwa bidhaa zilizotafutwa kwa foleni nchi nzima. Mwaka 1984 serikali iliruhusu watu waliokuwa na fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa kutoka nje, na chini ya Rais Ali Hassan Mwinyi milango ilifunguliwa zaidi. Hapo ndipo kapeti la plastiki, zulia la kiwandani na baadaye zulia la manyoya vilipoanza kuingia katika sebule za watumishi na wafanyabiashara, kisha za watu wa kawaida. Barabara za lami kutoka Dodoma na kutoka Babati zilipokamilika katika karne hii, mzigo wa Dar es Salaam na Arusha ukawa unafika kwa siku moja. Zulia likawa kitu cha kawaida mjini Singida katika kipindi cha kizazi kimoja, na ujuzi wa kulitunza haukupata muda wa kukua pamoja nalo. Waliojua kutunza sakafu walikuwa bibi za wenye mazulia hayo, na hakuna aliyewauliza.

Hapa atasimama mtu na kusema: hayo ni mambo ya tembe na ngozi, zulia la leo ni plastiki iliyofumwa na mashine, na dunia yenye mazulia imekwisha kuvumbua namna ya kuyasafisha. Pingamizi hili ni la haki, kwa hiyo tuitazame hiyo dunia. Mwaka 1901 mhandisi wa Uingereza Hubert Cecil Booth alitengeneza mashine ya kufyonza vumbi. Ilikuwa kubwa kiasi cha kuvutwa na farasi. Iliegeshwa barabarani na mipira yake mirefu ikapitishwa madirishani. Booth hakuanza kwa kuuza mashine. Aliuza huduma ya usafi, na mwaka 1902 alisafisha mazulia ya Westminster Abbey kabla ya Edward VII kutawazwa. Uvumbuzi uliobadilisha kazi hii duniani ulihusu vumbi kavu, bila tone la maji. Upande mwingine kuna Iran, nchi yenye sifa ya mazulia kuliko zote, ambako watu wa Rey waliosha mazulia katika chemchemi ya Cheshmeh-Ali na kuyaanika juu ya miamba iliyopata moto wa jua. Kuosha kwa maji mengi kulistawi pale palipokuwa na maji yatiririkayo, na hata pale ukaushaji ulikuwa nusu ya kazi. Ukiiweka Singida kati ya mifano hiyo miwili, ina miamba na jua la Rey, lakini haina chemchemi yake.

Maana yake kivitendo ni hii. Zulia likifika uwanjani, lisiguswe na maji mpaka mchanga umetoka. Ligeuzwe uso chini juu ya fremu ya miti au wavu ulioinuliwa, lipigwe mgongoni kwa fimbo bapa, liachwe, lipigwe tena, mpaka kinachodondoka kiwe kidogo. Kisha lipitishwe mashine ya kufyonza kwa mwendo wa taratibu pande zote mbili. Mchanga ukiloweshwa ndani ya zulia huwa tope, na tope likikauka hushika mashina ya nyuzi vibaya zaidi kuliko mwanzo. Hiyo ndiyo sababu zulia lililooshwa haraka hung'aa siku ya kwanza na kufifia baada ya wiki mbili. Mteja hudhani amelichafua yeye. Anayefanya kazi kwa uaminifu atamwonyesha mteja mchanga uliotoka, na hiyo ni njia bora ya kumpata mteja wa kudumu kuliko bango lolote.

Wapo watakaosema kwamba mteja hataki habari za vumbi: anataka aone povu na asikie harufu nzuri, na asipoviona hatalipa. Nakubali kwamba wateja wengi ndivyo walivyo kwa sasa. Lakini povu jingi Singida lina gharama ambayo mteja huyohuyo atailipa. Maji ya visima katika sehemu nyingi za mkoa yana chumvi na madini, na maziwa ya Singidani na Kindai yaliyo pembeni mwa mji ni ya magadi. Sabuni ya mche ikikutana na maji magumu haitoi povu, hutoa ute mweupe unaoganda kwenye nyuzi. Mwoshaji huongeza sabuni, ute huongezeka, na zulia lililokauka huwa gumu na hunasa vumbi zaidi kuliko kabla halijaoshwa. Dawa si sabuni zaidi. Ni sabuni ya maji kidogo iliyochanganywa kwa kipimo kisichobadilika, suuza ya kutosha, na suuza ya mwisho kwa maji ya mvua yaliyovunwa au maji yaliyotiwa siki kidogo. Paa la bati na tangi la kuvuna mvua ni mtaji muhimu kuliko mashine ya pili. Mtu anayeanza na afanye jaribio rahisi kabla hajachagua kiwanja: atikise maji ya pale na sabuni ya mche ndani ya chupa, aone kama povu linasimama.

Aina ya uzi nayo lazima ijulikane kabla ya yote, hasa kwa kuwa mazulia ya mitumba kutoka Ulaya huja yakiwa na vitu vya kila namna. Chomoa uzi mmoja mgongoni, uuchome. Ukinuka kama nywele na kuacha jivu linalosagika vidoleni, hiyo ni sufu. Ukiyeyuka na kuacha tone gumu, hiyo ni plastiki. Sufu huharibiwa na maji ya magadi na sabuni kali, hivyo yeyote anayeiosha kwa maji ya ziwani anaiua. Zulia la katani halifai kuloweshwa kabisa, hubadilika rangi na kujikunja. Na zulia la plastiki, ambalo ndilo jingi, lina mgongo wa gundi na nyuzi za juti. Maji ya presha yakipigwa kwa karibu hufumua gundi hiyo, na doa la kahawia linalojitokeza juu siku ya pili ni rangi ya juti iliyopandishwa na maji. Kabla ya kuosha lolote, pangusa kona kwa kitambaa cheupe chenye maji ya sabuni. Kitambaa kikitoka na rangi, kazi hiyo ifanywe kwa mkono, au irudishwe.

Je, mashine ya presha haina kazi? Inayo: kwenye kapeti la plastiki, kwenye zulia gumu la veranda, kwenye sakafu ya uwanja wenyewe. Kosa ni kuifanya ndiyo biashara. Kama mtaji unatosha mashine moja, iwe ya kufyonza vumbi. Ya pili iwe ya kukamua maji. Kwa upande wa ukaushaji Singida ina utajiri ambao waoshaji wa pwani hawaupati. Kuanzia Mei hadi Oktoba hewa ni kavu na upepo haukosi, na zulia lililokamuliwa vizuri na kutundikwa asubuhi huweza kukauka siku hiyohiyo. Litundikwe juu ya miti laini au mabomba yasiyo na kutu, mgongo ukielekea jua ili rangi isipauke, na lipelekwe kwenye upepo zaidi kuliko kwenye jua kali. Msimu wa mvua ni habari nyingine. Mwoshaji mwenye busara atapunguza kupokea mazulia mazito tangu Desemba, aelekeze nguvu kwenye usafi mkavu wa makochi na viti vya magari majumbani na kwenye gesti, na awaambie wateja mapema kwamba zulia kubwa lisubiri. Misikiti huhitaji mazulia yake yawe safi kabla ya Ramadhani, na kwa kuwa Ramadhani huzunguka misimu yote, miaka mingine itaangukia kwenye mvua. Kazi hiyo ipangwe miezi kadhaa kabla.

Wengine wanadai biashara hii haina maisha marefu, kwa kuwa marumaru zinaenea na watu watayaacha mazulia. Historia inasema vingine. Sakafu ya samadi haikuondoa ngozi, saruji haikuondoa mkeka, na marumaru za sebuleni zimezidisha zulia la manyoya, kwa sababu nyumba za uwandani hupata baridi usiku wa Juni na Julai na marumaru hazina joto. Kinachobadilika ni ukubwa: mazulia yamekuwa madogo na mepesi, jambo linalomfaa mwoshaji mwenye guta kuliko mwenye gari.

Kuhusu hesabu nitasema machache. Bei iwe kwa mita ya mraba, ipimwe kwa futi kamba mbele ya mteja, na aina ya uzi iongeze au ipunguze. Dobi alitia alama. Mwoshaji wa leo ana simu, basi apige picha ya zulia na madoa yake kabla ya kulichukua, aandike risiti yenye vipimo na siku ya kurudisha. Jina la biashara lisajiliwe BRELA, namba ya mlipakodi ichukuliwe TRA, leseni itafutwe halmashauri. Vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu vina haki ya kuomba mikopo isiyo na riba inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa wenye ulemavu. Kikundi cha wanawake kinafaa kazi hii kuliko wengi wanavyodhani, na kingekuwa kinarudi kwenye kazi ambayo wanawake wa Ituru na Iramba waliifanya kabla haijawa biashara.

Limebaki jambo moja ambalo haliwezi kuachiwa hiari ya mtu. Ziwa Singidani halina mto unaotoka. Sabuni, rangi na gundi vinavyoingia humo havina pa kwenda, na ndege wanaolisha pembezoni mwake hula kilichomo. Kuoshea mazulia ufukweni ni rahisi, maji ni ya bure, na kwa sufu ni uharibifu kama nilivyoeleza. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu au zinazoweza kudhuru mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Manispaa ya Singida iitekeleze kwa waoshaji wote, wa magari na wa mazulia, na anayeanza kazi hii achimbe shimo lake la maji machafu, lenye kokoto na mchanga wa kuchujia, kabla hajanunua mashine yoyote.